Kwa nini watoto wa Kasuku wanaacha mpira wakifika miaka 13

Wasomaji wetu, mara hii siwaletei matokeo ya mechi. Nataka tuongee juu ya watoto ambao majina yao hayaonekani tena kwenye matokeo.

Pita kwenye kiwanja chochote cha komine yetu ya Kasuku saa kumi za jioni, jua likishapunguza ukali. Utakuta watoto wa miaka 8, 9, 10, kundi zima linafuata mpira mmoja kama nyuki, wengine wana viatu vya plastiki, wengine miguu mitupu, na pembeni wadogo zaidi wanapiga mpira wao wa matambara na mifuko. Sasa uliza wale wa miaka 15 wako wapi. Utaonyeshwa wanne, labda watano. Mwaka juzi walikuwa ishirini.

Watu wazima wana jibu lao tayari: simu. Ukikaa na wababa jioni utasikia kwamba watoto wa leo ni wavivu, wanatazama picha tu, hawana nguvu kama sisi wa zamani. Jibu hilo mimi silikubali. Vijana wengi ninaowajua hapa hawana simu ya kugusa, na yule anayo hana makuta ya kununua mega kila siku. Isitoshe, hao hao wanaosemwa wavivu nawaona alfajiri wakibeba maji na jioni wakisukuma baiskeli zenye magunia ya mchele. Hapana, mvivu hafanyi hivyo.

Kwa hiyo nimefanya jambo dogo ambalo naona hatulifanyi: nimewauliza wenyewe. Kwa majuma mengi, kila nikikutana na kijana niliyemjua kama mchezaji, nimemuuliza kwa nini aliacha. Jibu lililorudi mara nyingi kuliko yote lina neno moja tu: "Hawanichezeshi."

Mtoto anafika mazoezini siku tano. Anakimbia, anabeba koni, anachota maji ya wakubwa. Jumamosi, siku ya posho, mechi inafika, yeye anakaa kwenye benchi na jezi haipati, maana jezi ziko kumi na nne na watoto ni thelathini. Juma linalofuata hivyo hivyo. Mwisho anakaa nyumbani, na hakuna mtu anayekuja kumuuliza. Ekipe zetu za watoto zimetengenezwa kama ngazi yenye sehemu moja tu ya kufika juu: ekipe kubwa. Asiyeonekana kama atafika huko hana kazi pale. Lakini mtoto wa miaka 12 nani anamjua atakuwa nani? Mwingine anachelewa kurefuka, mwingine anakua haraka kisha anasimama. Kocha anamwona leo tu, na leo anataka pointi tatu.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kuna jambo linalofanya benchi hilo kuwa refu zaidi, na sote tunalijua, tunalicheka tu. Ni kukata miaka. Katika mashindano ya waminime unaona kijana mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi. Watazamaji wanamtania, "Papa, watoto wako hawajambo?", yeye anacheka, mechi inaendelea. Lakini angalia upande wa pili: mtoto wa kweli wa miaka 12 anapambana na mtu wa miaka 17. Anapigwa bega moja anaanguka. Anaogopa. Kocha wake anasema "huyu ni mlaini", anamtoa, na juma linalofuata naye anatafuta mkubwa wake wa kukata miaka ili asishindwe tena. Nafasi ya mtoto imechukuliwa na mtu ambaye si mtoto, na kila ekipe inasema imelazimishwa na zingine.

Msifikiri ni ugonjwa wa Kindu peke yake. FIFA yenyewe ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, kwa sababu karatasi za kuzaliwa hazikuaminika tena. Sisi mashine hiyo hatutaiona kwenye kiwanja cha mtaa. Tunachoweza kuwa nacho ni karatasi, na karatasi yenyewe ni hadithi nyingine. Sheria ya familia ya nchi yetu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto wake kwenye ofisi ya hali ya raia bila kulipa. Siku hizo zikipita, unapaswa kupitia kwenye mahakama kutafuta hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti, na huko kuna safari, kuna kungoja, kuna makuta. Wazazi wengi wanaacha. Halafu mtoto anapofika miaka 12 na ekipe inadai karatasi, karatasi inatengenezwa siku hiyo hiyo na inasema kile ambacho ekipe inataka. Mimi naona mlango wa kukata miaka unafunguliwa pale kwenye hospitali ya uzazi, miezi mitatu baada ya mtoto kuzaliwa, muda mrefu kabla hajagusa mpira.

Jibu la pili nililopata ni masomo, lakini si kwa namna tunavyofikiri. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi kwenye shule za serikali ni bure. Mtoto wa miaka 10 anaenda shule, anarudi, anacheza. Akimaliza mwaka wa sita anaingia wa saba, na hapo faranga zinaanza kuombwa. Angalieni basi: miaka 12 au 13 ndiyo wakati mzazi anaanza kulipa, na ndiyo wakati ekipe nayo inaanza kuomba: makuta ya lisensi, ya jezi, ya kuvuka mto. Ndiyo, ya kuvuka. Komine zetu tatu zimegawanywa na mto Kongo, Kasuku na Mikelenge upande huu, Alunguli upande ule, na mechi ya ugenini inaweza kuwa mtumbwi wa kwenda na wa kurudi. Kwa mtu mzima ni kitu kidogo. Kwa mama aliye na watoto sita na ambaye ameuza sombe kutwa nzima ili apate unga wa jioni, si kidogo.

Mimi mwenyewe niliachia hapo. Nilikuwa na miaka 14, nacheza beki wa kushoto, na nasema bila aibu kwamba sikuwa mbaya. Ekipe iliyokuwa inanichezesha, ambayo sitaitaja, iliomba kila mtoto alete makuta ya lisensi mpaka siku ya Ijumaa. Baba alinitazama, akatazama dada yangu aliyekuwa amefukuzwa masomoni juma lile juu ya deni, akasema, "Mwanangu, wewe utaelewa." Nilielewa. Kilichoniumiza hakikuwa baba. Kilichoniumiza ni kwamba Jumatatu nilipita karibu na kiwanja, kocha akaniona, akaendelea kupiga filimbi. Miaka mitatu chini yake, na hakuuliza hata "uko mgonjwa?" Ninapowasikia vijana wa leo wakisema hakuna aliyewauliza, najua wanasema nini.

Tena kuna njaa. Hatupendi kuiandika kwa sababu inatia haya, lakini nyumba nyingi zinakula mara moja kwa siku, jioni. Mtoto wa miaka 9 anacheza akichoka anaketi. Kijana wa miaka 15 anakimbizwa mizunguko kumi ya kiwanja bila kitu tumboni tangu jana usiku. Siku moja anaona bora akae kwenye moto ya mjomba wake, abebe abiria wawili watatu, apate mkate na chai. Naye pia nilimuuliza. Akasema, "Yaya, mpira hunila, moto hunilisha." Nikakosa la kumjibu.

Na wasichana? Hapa sina maneno mengi kwa sababu ekipe zenyewe ni chache mno. Wasichana wadogo wanacheza nzango kwenye uwanja wa shule, wanapiga miguu, wanaimba, wana mbio na akili kama kaka zao. Wengine wanapenda mpira kabisa. Lakini akifika miaka 12 au 13 nyumba inamtaka: maji, jiko, mdogo wa kubebwa mgongoni. Kiwanja hakina choo wala pa kubadilishia nguo, na akipata siku zake hana pa kujisitiri. Kisha mtaa unaanza kusema kuhusu kaptura. Kaka yake anaacha mpira kidogo kidogo. Yeye anatolewa siku moja.

Kuna wengine ambao hawakuacha kwa kukosa bali kwa kuahidiwa. Mtu anafika kwa mzazi, amevaa vizuri, anasema mtoto wako ana kipaji, nipe kitu kidogo cha karatasi nitampeleka Ulaya. Wazazi, sikilizeni: kanuni ya FIFA inakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa hali chache zilizoandikwa, kama vile wazazi wenyewe kuhama kwa sababu isiyohusu mpira. Anayekuahidi Ubelgiji kwa mtoto wa miaka 14 anakudanganya. Nimeona nyumba iliyouza mbuzi zake kwa ahadi hiyo. Mtoto alingoja mwaka mzima, na aibu ya kungoja ikamzuia kurudi kiwanjani mbele ya wenzake.

Tunapenda sana AS Maniema Union, na tuna haki. Ekipe iliyoanzishwa mwaka 2005 katika jimbo ambalo wengine wa Kongo hawajui hata barabara yake, ikafika msimu wa 2024-2025 kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, pamoja na Raja Casablanca, AS FAR ya Rabat na Mamelodi Sundowns. Hata kama mechi zake za nyumbani hazikuchezwa Kindu, siku zile mji wote ulikuwa mbele ya radio na televisheni. Lakini ekipe kubwa inabeba wachezaji thelathini hivi. Kasuku peke yake ina watoto maelfu. Tukisema mpira wa watoto ni wa kutafutia Maniema Union wachezaji, tumewaambia karibu wote kwamba hawahitajiki.

Sehemu zingine wamelifikiria hili. Norwe, nchi ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya, ina kanuni za michezo ya watoto tangu mwaka 1987: mtoto hapangwi kwenye orodha ya washindi kabla ya miaka 11, na mashindano ya ubingwa yanangoja mpaka afike 13. Wanaacha watoto wacheze kwanza. Na msifikiri nchi tajiri hazina shida yetu. Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 na taasisi ya Aspen ulionyesha kwamba mtoto wa kawaida anacheza mchezo mmoja chini ya miaka mitatu na anauacha akiwa na miaka 11. Huko viwanja vina majani, viatu vipo, wazazi wana magari, na bado watoto wanaondoka. Sababu kubwa iliyotajwa ni kwamba mchezo hauwafurahishi tena. Niliposoma hayo nilikumbuka "hawanichezeshi".

Nimeona mwalimu mmoja wa mtaa wetu, jina lake hataki litajwe, aliyeanza kitu kisichohitaji faranga. Jumapili baada ya ibada anawaita wote, wenye lisensi na wasio nayo. Anaweka vijiti mkononi, virefu na vifupi, kila mtoto anavuta, na ekipe zinapangwa hivyo. Kila mmoja anacheza nusu nzima. Aliyekosa mara mbili, mwalimu anapita nyumbani kwao jioni, anabisha, anauliza. Basi. Hana bao la matokeo wala kombe. Makocha wengine wanamcheka kwamba anafundisha watoto kushindwa. Mimi nimekwenda mara nne, nimewaona vijana wa miaka 15 na 16 pale, wale wale walioniambia wameacha.

Mmoja tu sijamwona. Ni jirani yangu, kijana wa miaka 14, kiungo mzuri, ambaye mama yake aliniomba nizungumze naye kwa sababu anataka kuwafuata wenzake kwenye machimbo ya kasiterite upande wa Kailo. Tulikaa chini ya mwembe, akanisikiliza kwa heshima. Nikamweleza juu ya Jumapili ya vijiti. Akauliza kama mwalimu yule anampokea hata mtu aliyekaa mwaka bila kucheza. Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, masomo ya mwaka wa nane ni makuta gani sasa. Nikamwambia. Akanyamaza, akachora chini kwa kidole, kisha akasema atawaza. Gari la Kailo linaondoka siku ya Jumatano, na Jumapili iko kabla yake.