Robo ya Sukari

Mwishoni mwa Septemba 2014 Kenya ililala nchi maskini ikaamka nchi ya kipato cha kati. Takwimu zilikuwa zimekokotolewa upya, mwaka wa msingi ukatolewa 2001 ukaletwa 2009, na uchumi ukaonekana mkubwa zaidi kwa asilimia 25 hivi. Kwa ploti yetu Kayole hakuna aliyeshtuka. Choo kilikuwa bado kimoja kwa nyumba nane.

Lakini siwezi kusema hakuna kilichobadilika. Zamani bajeti ya mathe ilikuwa fupi: kodi, unga, mafuta ya taa, karo. Siku hizi kuna tokeni za stima, gesi, bando, pampas za mtoto wa dada yangu. Tangu M-Pesa ianze 2007, hela inaingia na kutoka hata kabla hujaiona. Na sitaki mtu anidanganye ati zamani ilikuwa poa. Dada yangu alisoma kwa koroboi, akikohoa. Mtoto wake hajui koroboi ni nini.

Kwa hivyo nikisikia matumizi ya kaya yanakua, ninaelewa. Kenya matumizi hayo ni takriban robo tatu ya pato la taifa. Sisi wanunuzi ndio tunaobeba huu uchumi, robo kwa robo.

Na hapo kwa robo ndipo kuna shida. Dukani kwetu kilo ya sukari ni 180. Ukinunua robo, ni 50. Yaani mwenye pesa ya kilo analipa 180, na asiye nayo analipa 200, kwa sukari ile ile, kutoka gunia moja. Mafuta ya kupima, sabuni ya kukatwa, bando ya saa moja, yote ni hivyo. Simlaumu mwenye duka. Kadogo inatusaidia kulala tukiwa tumekula. Ila umaskini una bei yake, na tunailipa kila jioni.

Wachumi huondoa mfumuko wa bei kabla ya kutangaza ukuaji. Sawa. Lakini wastani hauwezi kukuonyesha ni nani kwenye foleni amelipa zaidi kwa kitu kile kile.

Mathe ana presha. Mwaka jana nilimsindikiza duka la dawa, akaomba vidonge vya siku tano. Kimoja, shilingi 20.

“Mama, si uchukue za mwezi?” mhudumu akamwambia. “Thelathini ni 450 tu.”

“Mwezi haujanifikia mkononi, mwanangu.”

Nilipiga hesabu tukirudi. Kwa mwezi alikuwa anatumia kama 520, na bado kuna siku nne hivi anakosa, akingoja nipate ama yeye auze nguo mbili tatu za mtumba. Hakuwahi kutuambia. Ukimuuliza dawa iko, anasema iko.

Sasa mimi na dada yangu tunachanga 225 kila mmoja mshahara ukiingia, kabla ya kodi, kabla ya bando, kabla ya kitu chochote. Vidonge 30, mara moja.

Kwa shilingi tupu, matumizi ya nyumba yetu kwa dawa yameshuka kwa 70 kila mwezi. Mathe anameza dawa yake kila siku.