Rangi ya Ukongwe

Kila kazi ya mkono ina siku yake ya kupimwa upya, na mara nyingi kipimo chenyewe huwa kitu kidogo. Kwangu mimi kilikuwa kisanduku cha rangi. Mpwa wangu, anayefanya kazi Maskati, aliniletea alipokuja likizo Micheweni. Ndani yake mlikuwamo vichupa 12 vya rangi za akriliki, kila kimoja kama kidole gumba, zilizotengenezwa mahsusi kwa vitu vidogo. "Mjomba," akaniambia, "hizi ndizo za ngalawa zako."

Ngalawa zangu zina urefu wa shibiri mbili. Nazichonga kwa mti wa mwembe, kama zilivyo zile kubwa za wavuvi wetu, nikazitia mirengu, mlingoti, foromali na tanga. Miaka yote nikizipaka rangi ya mafuta, masalio ya makopo ya watu waliopaka milango yao. Rangi hiyo ni nzito. Ikiingia katika mfuo mwembamba huufukia, na hukawia kukauka hata vumbi likapata nafasi ya kutua.

Akriliki ni kabila jingine. Unga wa rangi huelea ndani ya maji pamoja na chembe za plastiki. Maji yakishakwenda zake, chembe hushikana zikawa ngozi isiyoyeyuka tena kwa maji. Wachoraji wa Marekani walianza kuuziwa rangi za maji za namna hii katika miaka ya 1950. Raha yake ni kuwa brashi huoshwa kwa maji matupu, bila mafuta ya taa. Taabu yake hapa kwetu ni joto. Wakati wa kaskazi rangi hukauka kwenye brashi kabla haijafika ubaoni. Dawa niliyoiona ni kulaza sponji mbichi ndani ya sahani, kuifunika kwa karatasi, na kudondoshea rangi juu ya karatasi hiyo. Unyevu hupanda kidogo kidogo, na rangi hukaa muda mrefu bila kuganda. Tena hupakwa tabaka nyembamba mbili tatu, zilizozimuliwa kwa maji, si moja nene. Na ubao usiwe umeguswa na sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka wenye vyombo, kwani maji na mafuta hayapatani.

Katika majaribio hayo nikaona jambo jingine. Nilizimua rangi ya hudhurungi iliyoiva mpaka ikawa kama chai ya mkandaa, nikaipitisha juu ya ngalawa mpya. Ikateremka ndani ya mifuo na kubaki huko. Nikagusagusa kingo kwa brashi kavu yenye kijivu kidogo. Kabla ya adhuhuri ngalawa niliyoimaliza jana ilikuwa na sura ya chombo kilichovua miaka 20.

Basi kuna mfanyabiashara wa Unguja anayeninunulia, ambaye siku zote hutaka vya kale. Alipoiona alitaja bei mara mbili ya ile tuliyozoea, akaagiza nyingine kumi za namna ile ile. Mpwa wangu alinishauri nikubali. "Mjomba, ni pambo tu la kutiwa kabatini. Nani atadhurika?" Neno lake si la kupuuzwa. Nyumba ina watu, na mwembe siku hizi haupatikani bure.

Lakini, ndugu msomaji, niliiangalia ile ngalawa kwa muda mrefu. Ngalawa ya kweli haichakai ovyo. Huchakaa pale kamba inapopita, pale kafi linaposugua, pale mguu wa mvuvi unapokanyaga kila alfajiri. Chini huwa na weupe wa deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta ili wadudu wa baharini wasiule mti. Mzee wa pwani akiitazama huisoma kama barua. Yangu ilikuwa imechakaa kila mahali, maana yake haikuchakaa popote.

Tena nikaukumbuka mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, chenye tanga la mkeka. Vyombo hivyo vilikwisha kutoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Leo anayetaka kujua mtepe ulikuwaje hutegemea picha, maandishi na mifano midogo iliyowekwa katika makumbusho, kama ile ya Lamu. Fundi aliyechonga mfano ule pengine naye alidhani ni pambo tu, kumbe alikuwa akiandika ushahidi. Na ngalawa zetu zinaanza kuziachia nafasi boti za faiba na mashine. Atakayeokota kazi yangu miaka 100 ijayo atataka kuiamini.

Nimemjibu mfanyabiashara kwamba nitamchongea kumi, kwa bei yetu ya zamani, na zote zitakuwa mpya: mti mtupu ubavuni, deheni ya akriliki nyeupe chini, mstari mmoja wa rangi kwenye omo. Amechukua nne tu. Vichupa bado vimejaa zaidi ya nusu, ila ile hudhurungi naitumia kwa uchache, kwa kivuli chini ya ubao wa kukalia, mahali ambapo jua halifiki kweli. Ukongwe wataupata wenyewe, kwa mikono ya watakaozishika.