Siku Ishirini Bila Mtandao



Katika mkutano wetu wa mwisho wa mwezi mmoja wenu alituuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Alitaka kujua kama serikali inakosa inapokata intaneti wakati wa uchaguzi, au kama inatimiza tu wajibu wake wa kulinda amani. Mvua ilikuwa inakaribia, na wengi wenu mnapanda hadi Kadutu kwa miguu. Basi tukajibu kwa haraka kwamba yote mawili yawezekana. Lilikuwa jibu la kukwepa. Tunaomba ruhusa ya kulirudia hapa, kwa maana jambo hilo linatugusa kuliko tulivyoonyesha siku ile.

Mwaka 2018 wengi wenu mlikuwa bado watoto. Uchaguzi ulifanyika Jumapili tarehe 30 Desemba. Kesho yake asubuhi tulichukua simu ili kuwatumia ndugu zetu wa Uvira na wa Kinshasa salamu za mwaka mpya, na salamu hazikuondoka. Tulidhani mega zimekwisha. Tukashuka hadi Nyawera, tukanunua nyingine kwa kijana akaaye chini ya mwavuli, naye akatuuzia bila kusema neno, labda kwa kuwa yeye pia alikuwa hajui. Hata hizo hazikutusaidia kitu. Jioni ndipo tuliposikia kwamba intaneti imekatwa nchi nzima. Siku chache baadaye matangazo ya RFI nayo yakakatwa mjini Kinshasa na katika miji mingine, na mwandishi wake akanyang'anywa kibali cha kazi. Intaneti ilirudi tarehe 19 Januari 2019, wakati Mahakama ya Katiba ilipokuwa inakaribia kuthibitisha matokeo.

Sababu iliyotolewa na wakubwa ilikuwa kuzuia matokeo ya uongo yasienezwe kabla ya yale ya Tume ya Uchaguzi, yasije yakawasha moto. Nasi, tukiri, tulikubaliana nao. Mtu aliyeishi Bukavu mwaka 1996, na tena mwezi wa Juni 2004 mji ulipotekwa, anajua kwamba neno moja lililopigwa kelele barabarani laweza kuhamisha mtaa mzima kwa saa moja, akina mama wakibeba watoto wasio wao na kuacha vyungu motoni. Tulisema nyumbani, na tukasema pia mbele ya shirika letu: afadhali kimya kuliko uongo. Tulilisema kwa sauti ya mwalimu, na wengine walitikisa kichwa kukubali kwa sababu tu aliyesema ni mwalimu.

Kimya hakikuja. Simu za sauti zilibaki zikifanya kazi, na miguu ya watu haikukatwa. Uvumi ulipanda pikipiki. Asubuhi mshindi alikuwa huyu, mchana alikuwa yule, na usiku tuliambiwa kwamba mmoja wao amekimbilia ng'ambo. Vijana walishuka kuelekea ziwa, upande wa Nguba na Muhumba, wakiwa na kadi za simu za Rwanda, wakainua simu juu kama watu wanaotafuta mahali pa kuning'iniza taa, kisha wakapanda tena mjini na habari nusunusu. Aliyekuwa na kadi ya nchi jirani ndiye aliyekuwa na habari za nchi yetu. Hilo peke yake lingetosha kutufikirisha, lakini hatukufikiri.

Ikafika juma la pili la Januari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Tume ilitangaza matokeo ya muda. Siku hiyohiyo maaskofu wetu wa CENCO, waliokuwa wamewapeleka waangalizi wapatao 40,000 katika vituo vya kura, walisema kwamba matokeo hayo hayalingani na takwimu walizokusanya. Mji ulikaa kama maziwa yanayotaka kuchemka. Ndipo jirani mmoja alipopita mlangoni petu akasema kwamba mfanyabiashara fulani wa mtaa wetu, mtu asiye mwenyeji wa hapa, ameshusha usiku maboksi mengi dukani mwake, na kwamba ndani yake mna karatasi za kura. Hatukumwuliza ameyaona wapi. Watu wawili walikuwa wamekuja kwetu kwa habari ya ubatizo wa mtoto, tukawaambia. Tuliwaambia kwa sauti ya chini, jambo ambalo hulipa neno uzito zaidi.

Alasiri duka lilikuwa limezungukwa. Mlango wa chuma ulipigwa mawe hadi ukapinda, na kioo cha dirisha la juu, chumba wanapolala watoto, kikavunjika. Kwa neema ya Mungu mzee mmoja mwenye kuheshimiwa alisimama mbele ya mlango akaomba maboksi yafunguliwe hadharani. Yalikuwa madaftari. Madaftari ya shule, ya kurasa mia, kwa ajili ya watoto wanaorudi darasani baada ya sikukuu. Nasi tulifundishwa ualimu, tumeyabeba maboksi ya namna hiyo maisha yetu yote, na hata mara moja hatukuwaza kwamba mwezi wa Januari duka hupokea madaftari.

Tangu siku hiyo tumejiuliza mara nyingi: kama intaneti ingalikuwapo, mambo yangalikwenda vingine? Hatuwezi kuapa. Pengine habari ya maboksi ingeenea upesi zaidi. Lakini tunajua pia kwamba mwenye duka alikuwa na simu mfukoni, na kwamba picha moja ya boksi lililo wazi, ikitumwa katika kundi la mtaa, ingewafikia watu kabla hawajaokota mawe. Aliyekata mtandao hakuukata uongo; aliukata mkono wa yule ambaye angeusahihisha. Uongo una njia nyingi za kutembea, na ndiyo maana ulikuwapo kabla ya simu. Ukweli ndio unaohitaji kufika kwa wakati.

Kisha kuna wale ambao katika mazungumzo ya siasa hawatajwi. Kijana mmoja wa kwaya yetu, ambaye leo ni baba wa watoto wawili, alikuwa anaishi kwa kamera moja na kompyuta ya kununua imetumika. Alipiga picha za arusi, akatengeneza mabango ya sherehe, akarekodi nyimbo za kwaya za parokia na kuziweka YouTube. Desemba ile alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: filamu fupi juu ya akina mama wachuuzi wa samaki, iliyoagizwa na watu wa nje, nayo ilipaswa kutumwa kabla ya tarehe 5 Januari. Alimaliza kazi tarehe 2. Siku mbili alizunguka mji akitafuta mahali pa kutumia. Tarehe 4 aliweka filamu katika kifaa kidogo, akakiingiza ndani ya soksi, akavuka daraja la Ruzizi hadi Kamembe, akakuta sibakafe imejaa Wakongo waliopanga foleni kama yeye. Faili lilikuwa zito. Jioni mpaka ulikuwa karibu kufungwa na alikuwa hajafika nusu. Kazi ilipotea, na pamoja nayo imani ya waliomwagiza, ambao barua yao aliisoma wiki mbili baadaye mtandao uliporudi. Walimwandikia kwa upole kwamba wamempata mwingine, katika nchi nyingine.

Tulimwambia maneno ya kumfariji. Akatuuliza: "Mwalimu, si wewe uliyesema afadhali kimya?"

Msidhani kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ilizuia ujumbe mfupi wa simu kwa wiki kadhaa, na ndugu zetu viziwi, ambao kwao ujumbe huo ndio simu yenyewe, walibaki gizani. Januari 2015 intaneti ilikatwa wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Ilikatwa tena mwishoni mwa Desemba 2017, mkesha wa maandamano yaliyoitishwa na walei Wakatoliki wa Kamati ya Uratibu kwa ajili ya tarehe 31. Tunaiandika tarehe hiyo kwa makusudi, kwa sababu kuna wanaosema kwamba mambo ya mtandao ni ya vijana wa miji mikubwa na hayahusu watu wa Kanisa.

Mtu aweza kuuliza: kwa sheria ipi? Tuliitafuta. Katika siku zile ilikuwa sheria ya mawasiliano ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu chake cha 46 kiliiruhusu serikali kuzuia matumizi ya mawasiliano kwa ajili ya usalama wa umma, au ulinzi wa nchi, au faida ya huduma yenyewe, au kwa sababu nyingine yoyote. Someni tena sehemu ya mwisho. Tunapowafundisha walimu wanafunzi kutunga kanuni za darasa, jambo la kwanza tunalowakataza ni kanuni ya namna hiyo, kwa kuwa mwalimu mwenye ruhusa ya kuadhibu kwa sababu nyingine yoyote hana kanuni. Ana fimbo tu. Sheria hiyo imekwisha kubadilishwa na nyingine ya Novemba 2020. Lakini Katiba ya mwaka 2006 ilikuwapo miaka yote hiyo, na vifungu vyake vya 23 na 24 vinampa kila mtu uhuru wa kusema na haki ya kupata habari.

Wazazi wenu wanakumbuka kwamba katika mji huu woga wa wakubwa mbele ya neno ni wa zamani kuliko intaneti. Radio Maendeleo ilianza hapa Bukavu mwaka 1993. Mwaka 1999 utawala wa RCD uliifunga. Desemba ya mwaka huohuo Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliwaandikia waamini ujumbe wa Noeli, akitaja waziwazi mateso ya watu na uporaji wa mali yao. Februari 2000 alizuiwa asirudi kwenye jimbo lake, akapelekwa Butembo, akakaa huko hadi Septemba. Tarehe 4 Oktoba alifariki mjini Roma. Sisi tulikuwa walimu vijana. Tuliunakili ujumbe wake kwa kalamu, usiku, kwa mshumaa, kwenye madaftari (ndiyo, madaftari) na kuupitisha mkono kwa mkono. Hakuna aliyebadilisha neno. Tulihakikisha kila mstari kwa kusomeana kwa sauti kabla ya kutoa nakala, kwa kuwa tulijua neno moja la kuongezwa lingeweza kumponza aliyeliandika. Tuliponakili kwa mkono tulikuwa waangalifu. Sasa twatuma kwa kidole kimoja, na uangalifu ule sijui tuliuacha njia panda gani.

Hapo ndipo swali la ndugu yenu linapotushinda kidogo. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Kanuni ya mambo ya kidijitali, na ndani yake mna adhabu ya kifungo kwa anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu katika mitandao ya kijamii. Tukikumbuka dirisha la watoto wale, twataka kusema: vema, ndivyo inavyostahili. Tukikumbuka yaliyompata mwandishi Stanis Bujakera, twasita. Alikamatwa Septemba 2023 kwa ajili ya makala ambayo hakuitia sahihi yake, akakaa gerezani miezi sita, akatoka Machi 2024. Nani atakayeamua kwamba habari ni ya uongo, na ataamua lini: kabla ya uchunguzi au baada yake? Kama anayeamua ni yuleyule anayetajwa katika habari, basi tumebadilisha tu mlango. Maoni yetu, na mwaweza kuyakataa, ni kwamba aliyedhurika apewe njia ya kwenda mbele ya jaji, na kwamba hakuna mkubwa, wa mkoa wala wa taifa, anayepaswa kuwa na uwezo wa kuzima mtandao wa mji mzima kwa barua moja kwa kampuni za simu. Barabara ikipita mwizi, haifungwi kwa wagonjwa na wachuuzi pia.

Kuhusu sisi wenyewe, hatuna sheria ya kuwapendekezea. Tuna habari moja tu iliyobaki kusimuliwa.

Mwezi wa Februari 2019 tulikwenda dukani kwa yule mfanyabiashara. Mlango ulikuwa umenyooshwa kwa nyundo, na alama za mawe bado zilionekana chini ya rangi mpya. Tuliomba madaftari kumi na mawili. Alipokuwa anahesabu tulimwambia kwamba sisi pia tulilirudia neno lile siku ile, mlangoni petu, mbele ya watu wawili. Hakuacha kuhesabu. Alipomaliza aliyafunga kwa kamba, akayaweka mezani, akatutazama.

"Mwalimu," akasema, "wewe nani alikuambia?"

Tukamtajia jina la jirani.

"Naye nani alimwambia?"

Hatukujua. Alipokea fedha, akaturudishia chenji yote, akamwita mteja aliyekuwa nyuma yetu.