Kushika Sikio

Siku niliyopelekwa kuandikishwa darasa la kwanza, katika shule moja ya msingi ya Kawangware, hakuna aliyemuuliza mama tarehe niliyozaliwa. Mwalimu aliniambia nipitishe mkono wa kulia juu ya kichwa nishike sikio la kushoto. Vidole vikagusa sikio, akaandika jina langu. Mtoto wa jirani, ambaye mama zetu walisema tulizaliwa mvua moja, vidole vyake viliishia kwenye nywele. Alirudishwa nyumbani akangoja mwaka mzima. Wasomaji wa rika langu, wawe wa Nairobi, Kisumu au Tanga, wanakijua kipimo hicho.

Nilikumbuka sikio lile miaka mingi baadaye, hapa Lowell, Massachusetts, nilipompeleka binti yangu kuandikishwa beseboli. Ilikuwa Februari, theluji bado iko nje. Mama aliyekaa mezani, mzazi mwenzetu anayejitolea, alitaka cheti cha kuzaliwa na karatasi za aina tatu za kuthibitisha tunapoishi. Akatazama jedwali lake, akaandika kwamba mtoto ana miaka 8. Nikamwambia ana 7, atatimiza 8 mwezi wa saba. Akanieleza kwa utulivu kwamba ligi ina umri wake: huhesabiwa miaka ambayo mtoto atakuwa nayo ifikapo Agosti 31 ya mwaka huo. Aliyezaliwa mwishoni mwa Agosti na aliyezaliwa mwanzoni mwa Septemba wanaweza kupishana kwa wiki moja tu duniani na kwa mwaka mzima uwanjani.

Mwanzoni niliona ni ukaidi wa makaratasi. Kisha nikaanza kutazama kinachofuata baada ya ile tarehe, na hapo ndipo nilipobadilika.

Wa miaka 4 hadi 7 hucheza tiboli. Hakuna anayemrushia mtoto mpira. Umewekwa juu ya kigingi kinachomfikia kiunoni, naye anaupiga ukiwa umetulia. Baadaye kocha ndiye anayerusha, polepole. Kufikia ngazi ya miaka 9 hadi 12, ile ambayo fainali zake huonyeshwa kwenye runinga kila Agosti kutoka Williamsport, Pennsylvania, watoto wanarushiana wenyewe. Kutoka kituo hadi kituo ni futi 60, na mrushaji yuko futi 46 mbele ya mpigaji. Mbele ya hapo kuna uwanja wa katikati, futi 70 kwa 50, wa vijana wa miaka 11 hadi 13, na baada yake ndipo unapokuja ule wa futi 90 wanaochezea watu wazima. Uwanja unakua pamoja na mtoto. Carl Stotz, aliyeanzisha ligi hii, Little League, pale Williamsport mwaka 1939, alianza kwa kuwachezesha wapwa zake na majirani wao, akipunguza hatua kati ya vituo mpaka akaona mtoto anaweza kukimbia na kufika kabla ya mpira. Wazo lililozaa ligi ya dunia nzima lilitoka kwa mjomba aliyewatazama wapwa zake kwa makini.

Kuna jambo jingine lililonigusa kuliko vipimo vya uwanja. Mikono ya watoto inahesabiwa. Mrushaji wa miaka 7 au 8 haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 50 kwa siku. Wa 9 na 10 ni 75. Wa 11 na 12 ni 85. Akipita 65, lazima apumzike siku nne kabla ya kurusha tena. Mzazi mmoja hukaa kando na kihesabio mkononi, akibonyeza kila mpira unapotoka. Hata mchezo uwe umefika pabaya kiasi gani, hesabu ikitimia mtoto anaacha kurusha, maana kiwiko cha mtoto bado ni gegedu linalogeuka mfupa, na likichanika leo ni yeye atakayelala na maumivu akiwa na miaka 20.

Na kila mtoto lazima acheze. Kanuni inasema kila aliyekuja mechini apate nafasi ya kupiga angalau mara moja, na awe uwanjani mpaka wapinzani sita wametolewa. Hakuna mtoto wa kubeba maji tu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amempita binti yangu kwa miezi michache. Anaishi Kawangware, upande wa Congo, na anacheza soka kila jioni kwenye uwanja wa shule ambao vumbi lake nalijua kwa ladha. Desemba iliyopita tulipokwenda nyumbani, nilimuuliza yuko kundi la umri gani. Alinitazama kama niliyeuliza swali la lugha nyingine.

“Mjomba, huku hakuna miaka. Kuna wadogo na kuna wakubwa.”

“Na wewe?”

“Inategemea nani amekuja.”

Jibu hilo lina ukweli mwingi. Uwanja ni mmoja. Wakubwa wakifika, wadogo wanasogea kwenye ukingo karibu na mtaro, na wakiwa na bahati mmoja anaitwa kujaza nafasi, mara nyingi golini. Shuleni nako tunagawa kwa darasa, na darasa halijawahi kuwa umri. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, watoto waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa karo walirudi kwa maelfu, mvulana wa miaka 14 akakaa dawati moja na wa 9. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84, na dunia nzima ikamfurahia. Sisi tuliokuwa karibu na shule tulijua kwamba nyuma ya mzee huyo kulikuwa na vijana wengi wenye ndevu za kwanza kwenye madarasa ya chini, wasioandikwa gazetini. Tangu 2023, gredi ya saba, na baadaye ya nane na ya tisa, zimebaki katika viwanja vya shule za msingi. Mtoto wa miaka 6 na kijana wa miaka 15 wana kengele moja ya mapumziko na goli moja.

Katika hali hiyo ndipo alipozaliwa mjeshi. Kwa msomaji asiyetoka Kenya: mjeshi ni mchezaji wa kukodi, aliyekwisha kumaliza shule au aliyepita umri, anayevalishwa jezi ya shule ili kombe lije. Nilipokuwa na miaka 13 nilifanya mazoezi muhula mzima kwa ajili ya mashindano ya zoni. Asubuhi ya mechi mwalimu alikuja na vijana watatu ambao sikuwahi kuwaona darasani. Mmoja alikuwa makanga stejini. Jezi yangu ilipewa mmoja wao mbele ya macho yangu. Tulishinda mechi ile. Shule yenyewe sitaitaja, mwalimu ameshatangulia mbele ya haki, na sina kinyongo naye tena, lakini ile jezi ikivutwa kutoka mikononi mwangu naihisi mpaka leo. Sikucheza tena mashindano ya shule.

Msomaji asidhani kwamba Marekani hawadanganyi. Mwaka 2001 timu moja ya Little League ya Bronx, New York, ilitikisa nchi kwa mrushaji wake Danny Almonte, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, aliyesemekana ana miaka 12. Hakuna aliyeweza kuugusa mpira wake. Baadaye ikagundulika ana 14. Cheti kilikuwa kimepunguzwa miaka miwili, ushindi wote ukafutwa na watu wazima waliohusika wakafungiwa. Jina lililobaki midomoni mwa watu ni la mtoto. Hapo ndipo ninapoona uchungu wa jambo hili, huku na huko: karatasi huandikwa na wakubwa, na aibu hubebwa na mdogo.

Hata majirani zetu Waganda yamewakuta. Mwaka 2011 timu ya beseboli ya watoto ya Kampala ilishinda mashindano ya kanda yaliyochezwa Kutno, Poland, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kufuzu kwenda Williamsport. Haikwenda. Marekani iliwanyima viza kwa sababu tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi zao zilikuwa hazilingani. Watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wakutane nao katika mechi ya kwanza, walifunga safari mwanzoni mwa 2012 wakaenda kucheza nao Uganda kwenyewe. Agosti mwaka huohuo timu ya Lugazi ilifika Williamsport na kuwafunga watoto wa Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Nikiitazama picha ya furaha yao huwawazia wale wa mwaka uliotangulia, ambao kosa lao la kwanza lilikuwa kuzaliwa mahali ambapo tarehe haiandikwi siku ileile.

Soka nalo limerudi kwenye mwili. Tangu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA hupiga picha ya sumaku ya kifundo cha mkono: mfupa ukiwa umeshaungana kabisa, kijana huhesabiwa kuwa karibu hakika amepita umri. Sikio la mwalimu wangu limekuwa mashine ya hospitali.

Kwa hiyo Desemba ile nilipanda matatu ya 46 pamoja na dada mpaka mjini, tukashuka na kutembea hadi kituo cha serikali cha Huduma Centre pale GPO kushughulikia cheti cha kuzaliwa cha mpwa wangu. Kijana alizaliwa nyumbani, usiku wa mvua, na kwa muda mrefu karatasi yake pekee ilikuwa kadi ya kliniki iliyokunjika mara nne. Foleni ilikuwa imejaa kina mama wa aina yetu. Mmoja alisema anamtafutia mwanawe cheti kwa ajili ya mtihani, mwingine kwa ajili ya pasipoti. Mama wa tatu, kutoka Kangemi, alisema mwanawe amechaguliwa na akademia na kocha amekataa kumsajili bila tarehe. Nilimheshimu kocha yule bila kumjua.

Maana akademia zipo, na zinagawa watoto vizuri. Ukitoka Kawangware kwa barabara ya Gitanga kuelekea Lavington na Valley Arcade, ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu utakuta Jumamosi asubuhi watoto wamevaa vizibao vya rangi, wa chini ya miaka 7 kwenye magoli madogo, wa chini ya miaka 9 pembeni yao, koni zimepangwa, maji yako kwenye chupa. Kwenye barabara ya Ngong kuna akademia ambayo jina lake lingeweza kuwa tafsiri ya ile ya Williamsport: Ligi Ndogo. Watoto wa hapo wanapangwa kwa umri kama binti yangu anavyopangwa. Nilidhani nimevuka bahari kuona jambo hilo, kumbe lilikuwa ng’ambo ya Gitanga, kwa mwenye ada ya mwezi. Hapa Lowell pia pesa inatenga: kuna timu za kusafiri zinazolipisha wazazi fedha ambazo wengi wetu tunaofanya zamu mbili hatuna. Ila ligi ya mtaa iko wazi kwa wote, na makocha wake ni wazazi wa kujitolea waliochunguzwa rekodi zao kabla ya kukabidhiwa watoto.

Na matunda ya kupanga kwa umri tumeyaonja wenyewe. Oktoba 2024 wasichana wetu wa Junior Starlets walicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, timu ya kwanza ya Kenya kufika fainali za Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote, wakaifunga Meksiko 2 kwa 1. Walicheza huko huko Jamhuri ya Dominika, nchi ya beseboli.

Lakini sitaki kuuchukulia uwanja wa mpwa wangu kama kasoro tupu. Kucheza na wakubwa kumemfundisha kuuficha mpira kwa mwili, kutoa pasi kabla ya kufikiwa, kuanguka bila kuvunjika. Binti yangu hajawahi kufundishwa kitu na mtoto wa miaka 14. Kila anachojua amekitoa kwa mtu mzima mwenye filimbi. Hajui kugawa timu, kwa sababu haijawahi kuwa kazi yake. Mpwa wangu hugawa timu mbili zilizo sawa ndani ya dakika moja, kwa macho tu, na hakuna anayenung’unika. Ningeambiwa nibebe kanuni moja tu kutoka Lowell nikaiweke kwenye uwanja wa Congo, ningewaachia umri wao wa macho. Ningebeba ile ya kila aliyekuja lazima acheze.

Jioni moja kabla hatujarudi, dada aliamua kumwonyesha binti yangu raundasi, mchezo ambao yeye aliuchezea shule mpaka ngazi ya wilaya. Wasichana kama kumi na wanane walijitokeza, mkubwa labda wa miaka 15, mdogo hata darasa la kwanza hajafika. Mpira ulikuwa wa nguo zilizofungwa kwa kamba. Zamani tungeuvalisha juala, ila mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017. Vituo vilikuwa mawe manne. Binti yangu aliuliza ni futi ngapi kutoka jiwe hadi jiwe. Msichana mmoja akamwambia, “Mpaka pale,” na kumkabidhi mpira arushe.

Alirusha vizuri. Wapigaji walibadilika, wadogo wakasogezewa mpira karibu bila mtu kuagiza, wakubwa wakarudi nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za darasa na dada, na bila kujijua nilikuwa nahesabu. Kwa ligi yake sasa ana miaka 10. Jua likaanza kuzama upande wa Dagoretti, mpira ukawa hauonekani vizuri, naye bado anarusha. Nilipofika 75 nikasimama kumwita.

Dada akanivuta shati nikae.