NENDA UKAJIONYESHE



Leo naongea na wewe uliyeona damu kwenye mkojo, ukaomba, damu ikakata, na sasa unataka kupita mbele Jumapili utoe ushuhuda. Nakuomba ushuhuda huo usubiri kidogo.

Fungua Luka 17, kuanzia mstari wa 11. Yesu alikuwa anapita mpakani, kati ya Samaria na Galilaya. Sisi wa Busia na Malaba tunajua maisha ya mpakani. Huko wakoma kumi wakamlilia, naye akawatuma kwa makuhani wakaangaliwe. Kwa nini makuhani? Soma Walawi 13. Kuhani ndiye aliyekagua ngozi, na akiwa na shaka alimtenga mtu siku 7, kisha akamwangalia tena. Yesu mwenye uwezo wa kuponya kwa neno hakudharau ukaguzi. Basi kupimwa si kukosa imani.

Saratani ya kibofu ina hila. Mara nyingi dalili yake ya kwanza ni damu kwenye mkojo bila maumivu yoyote. Inatoka leo, kesho mkojo ni safi, wiki zinapita, hata miezi, na uvimbe uko palepale. Ndiyo maana damu kukata si jibu. Si kila damu ni saratani. Yaweza kuwa mawe, maambukizi au kichocho. Lakini huwezi kujua kwa kukisia. Na wewe dada, usiseme tu ni hedhi imepotea njia, wala usinunue dawa ya UTI mara ya tatu bila mkojo kupimwa.

Ndugu mmoja, dereva wa trela, aliona damu akiwa kwenye foleni ya malori Malaba. Baada ya siku mbili ikakata. Nilimwombea, kisha nikamwambia aende hospitali. Akatumwa Eldoret, wakakuta uvimbe mdogo, ukaondolewa kupitia njia ileile ya mkojo bila kupasuliwa tumbo. Sasa anarudi kuangaliwa kila miezi mitatu, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurudi. Alipotoa ushuhuda wake, alikuja na karatasi za daktari mkononi.

Kuna jambo lingine. Baadhi yenu mmenitumia picha za majibu ya ile mashine ya "kupima mwili mzima". Unashika chuma mkononi, kompyuta inatoa karatasi: zinki iko chini, shaba iko juu, nunua chupa hizi. Mpendwa, hakuna hata tone la damu lililotolewa hapo! Ni kweli watafiti wamepima madini hayo kwenye damu ya wagonjwa wa saratani ya kibofu, na mara kadhaa wakakuta shaba imepanda, zinki na seleniamu zimeshuka. Lakini shaba hupanda na zinki hushuka hata kwa maambukizi ya kawaida, na chakula pia hubadilisha hesabu. Kwa hiyo madaktari hawatumii madini hayo kusema una saratani au huna.

Hata damu ya hospitali ina mipaka yake. Itaonyesha kama umepungukiwa damu na kama figo zinafanya kazi. PSA ni ya tezi dume, si ya kibofu. Kinachotoa jibu ni kupima mkojo, kupigwa picha, kisha daktari kutazama ndani ya kibofu kwa kamera nyembamba na kukata kinyama kidogo kipelekwe maabara.

Wavuta sigara, sikieni kwa upendo. Sumu ya moshi huingia kwenye damu, figo huichuja, kisha hukaa kibofuni ikingoja utoke haja ndogo. Sigara ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha saratani hii. Na wewe uliyekulia Pwani, Kwale au Tana River, mwambie daktari. Kichocho cha kibofu kipo zaidi huko. Hiki cha ziwani kwetu, Port Victoria, kwa kawaida ni cha matumbo. Tangu 1994 wataalamu wa saratani duniani wametambua kwamba kichocho cha kibofu kinaweza kuleta saratani.

Basi wiki hii nenda hospitali ukiwa na imani yako yote. Sema wazi, "Niliona damu kwenye mkojo," hata kama imekata. Ukiogopa kwenda peke yako, niambie, nitakusindikiza au nitakutafutia mzee wa kanisa. Majibu yakiwa safi, tutashangilia. Yakiwa na uvimbe, tutaomba na utatibiwa mapema.

Baba, tupe ujasiri wa kujionyesha, na uwabariki madaktari wetu. Katika jina la Yesu.

Usiandike "Amina" tu hapa chini. Mtumie ujumbe huu yule uliyemkumbuka ulipokuwa ukisoma.