Hesabu Mbili za Diski Moja

Mtunza ghala aweza kuulizwa maswali mawili juu ya mahali pamoja. La kwanza ni hili: ghala limejaa kiasi gani, na nafasi gani imebaki? La pili ni hili: vitu vilivyomo ni vipi, na kila kimoja kimeshika nafasi gani? Mtu asiyezoea kazi hiyo hudhani kuwa jibu la swali la kwanza halina budi kulingana na jumla ya majibu ya swali la pili. Katika ghala la mahindi dhana hiyo haina madhara makubwa. Katika diski ya kompyuta yaweza kuangamiza kazi ya miaka mingi kwa mstari mmoja wa amri, na ilibaki kidogo ifanye hivyo katika idara moja ya Kiswahili iliyokuwa imeweka sauti za wazee katika hazina yake.

Mfumo wa Unix, ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie waliuanza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, uliyatenga maswali hayo mawili tangu utoto wake. Kitabu cha kwanza cha maelezo yake, chenye tarehe 3 Novemba 1971, kina amri df, inayotoa habari ya nafasi iliyo huru, na amri du, inayotoa habari ya nafasi iliyotumika. Siku zile nafasi ilikuwa haba. Katika makala yao ya mwaka 1974 mabwana hao walieleza kompyuta yenye diski moja ya baiti milioni moja, na vinu vinne vya diski za kubadilishwa, kila kimoja cha baiti milioni mbili na nusu, na kinu kimoja zaidi cha baiti milioni arobaini. Jumla yake ni milioni hamsini na moja. Mazungumzo yakirekodiwa kwa njia mbili za sauti, vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila kipimo, hula baiti 288,000 katika sekunde moja. Basi diski zote zile zisingeweza kupokea hata dakika nne za maneno ya mzee mmoja.

Idara inayohusika ilikuwa na saa 210 za maneno ya namna hiyo. Walizungumza humo mabaharia, washona mikeka, walimu wa vyuoni na watunzi wa mashairi wa miji na vijiji vya pwani, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kufariki. Msomi hawezi kuwarudia hao kuwauliza neno ambalo halikusikika vizuri. Mtunzaji wa sauti hizo alikuwa bibi kijana aliyejifunza kompyuta kwa haja, si kwa kusomea. Alijua amri kumi au kumi na mbili tu, walakini alizijua barabara.

Asubuhi moja kompyuta ilikataa kupokea sauti mpya. Bibi aliandika df -h akapewa jibu papo hapo: ukubwa wa diski 458G, zilizotumika 435G, zilizobaki sifuri, asilimia mia. Diski hiyo ilikuwa imenunuliwa kwa jina la gigabaiti 500. Muuzaji huhesabu kwa elfu elfu, ilhali df -h hupanda kwa 1,024, kwa hiyo 500 za dukani huwa kama 465 mezani, na sehemu ndogo huchukuliwa na mfumo wa mafaili kwa daftari zake wenyewe. Ile tofauti ya 23 kati ya 458 na 435 nayo haikuibwa na mtu. Mfumo wa ext4, kwa desturi, huweka asilimia 5 kuwa akiba ya msimamizi mkuu, apate kuingia na kutengeneza mambo wakati wengine wamekwisha kujaza kila pembe. Mama wa nyumba za zamani hakukosa kibaba cha mchele ambacho hakukitaja mbele ya wageni. Yamkini waliobuni akiba hiyo walilelewa na mama wa namna hiyo.

Mkuu wa idara alipopata habari alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee mpole, mwenye haraka ya mgeni aliyemngojea ofisini.

"Binti yangu, sauti zote zimekwisha nakiliwa katika diski ya nje. Zifute zile za zamani, hizi mpya zipate mahali."

"Naam, Mwalimu. Naomba unipe mpaka adhuhuri."

Hakukataa wala hakufuta. Aliona si adabu kumtoa mtu chumbani kabla ya kujua nani amekilalia kitanda.

Aliingia katika saraka kuu akaandika du -sh *, ili kila kilichomo kitaje uzito wake. Alipojumlisha alipata 291G. Kisha akakumbuka kuwa alama ya nyota haiyagusi majina yanayoanza na nukta, na huko ndiko linakokaa jalala la vitu vilivyotupwa na visivyofutwa. Akaandika upya, kwa mamlaka ya msimamizi, du -h --max-depth=1 | sort -h, amri inayotembea katika kila saraka, yenye nukta na isiyo na nukta, na kuzipanga kutoka ndogo mpaka kubwa. Safari hii jibu lilikawia, kwani du haina njia ya mkato: huingia mlango baada ya mlango na kuhesabu bloki za kila faili. Tena hupima nafasi iliyoshikwa, si urefu wa maandishi. Faili la herufi moja aghalabu hushika baiti 4,096, kama vile abiria mmoja mwembamba anavyoshika kiti kizima. Mwisho wa orodha ulisema hivi: sauti 203G, jumla ya vyote 306G.

Basi df ilisema 435 na du ikasema 306. Gigabaiti 129 hazikuwa na mwenyewe.

Hapa mtu mwenye haraka husema kuwa mojawapo ya amri hizi ni mwongo. Ukweli ni kwamba katika Unix jina si faili. Jina ni mstari katika saraka, unaoelekeza kwenye namba inayoitwa inodi, na inodi ndiyo ijuayo bloki za yaliyomo. Amri ya kufuta, rm, huondoa jina. Yaliyomo huachiliwa pale tu yanapokosa jina lo lote jingine, na pasipo programu yo yote iliyolishika faili hilo wazi. Programu moja ikiendelea kulishika, yaliyomo hubaki yakikalia nafasi yake bila ya jina. Du husoma majina ya wageni mlangoni. Df huhesabu vitanda vilivyolaliwa. Mgeni asiye na jina hulala kitandani vile vile.

Bibi alikuwa na amri moja ya haja hiyo, lsof +L1, inayotaja mafaili yaliyo wazi ambayo hayana tena jina katika saraka yo yote. Faili lilikuwa moja. Lilikuwa daftari la mwenendo la programu ya kugeuza sauti, iliyowashwa siku tisa nyuma na kusahauliwa. Programu hiyo ilikwama katika faili moja bovu, ikaandika malalamiko yale yale mamilioni ya mara. Mtu mmoja aliliona daftari linavyonenepa, akalifuta, akaenda zake ameridhika. Jina liliondoka, programu ikaendelea kulalamika katika ukurasa usio na jina. Bibi aliisimamisha. Akaandika tena df -h: zilizotumika 306G. Hakuna faili hata moja lililofutwa kwa mkono wake.

Angaliweza kwenda kula. Lakini adhuhuri ilikuwa haijafika, na du ilikuwa bado vidoleni mwake, hivyo akaichomeka ile diski ya nje akaipima saraka ya sauti. Ilikuwa 71G.

Diski mbili zenye mifumo mbalimbali zaweza kutofautiana kidogo kwa ajili ya ukubwa wa bloki zao, lakini si kwa gigabaiti 132. Kunakili kulikuwa kumekatika njiani, jioni fulani, na ujumbe wa kosa haukusomwa na mtu. Zaidi ya saa 130 za maneno zilikuwa mahali pamoja tu, na nyingi kati yake zilikuwa zile zilizoamriwa kufutwa.

Mwalimu aliporudi alionyeshwa namba zote mbili. Alinyamaza. Halafu akataja jina la bibi mmoja mtunzi, ambaye yeye mwenyewe alirekodi maneno yake kwa kanda alipokuwa kijana, na kanda hiyo ikageuzwa baadaye.

"Yumo?"

"Humu yumo, Mwalimu. Kule hayumo."

Jioni ile kunakili kulianza upya, na kulipopambazuka du ilitoa 203G pande zote mbili. Mwalimu alitaka kushukuru, lakini bibi alimwomba asubiri, kwa kuwa du hupima mahali na haisikii sauti. Mafaili mawili yaweza kuwa na ukubwa mmoja na yaliyomo yasifanane. Akaanza kupitisha sha256sum katika kila faili, huku na kule, na kulinganisha. Kazi ilikuwa ndefu. Mwalimu alivuta kiti akakaa karibu naye, akiitazama mistari ikipita mmoja mmoja, na lilipofika jina la yule mtunzi alimwomba asimame kidogo alisome.