Mkuku Usioonekana

Watu wakisimama ufuoni na kuitazama mashua ipitayo, macho yao huenda kwenye tanga. Husifu weupe wake, na mlingoti jinsi ulivyonyoka, na nahodha jinsi alivyotulia penye usukani. Hakuna ausifuye mkuku, kwa sababu mkuku hauonekani. Walakini tanga lafanya kazi yake kwa kuwa mkuku umeshika maji chini. Tena tanga likiraruka watu hurudi kwa makasia, bali mkuku ukianguka huenda wasirudi kabisa. Neno hili twalijua wote kwa akili. Sisi walimu wa shule moja iliyo kando ya Ziwa Viktoria tumelijua kwa mikono pia, tulipoutoa mkuku wa mashua ya shule ili utengenezwe. Basi twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji jinsi kazi ile ilivyokuwa, na kwa nini tuliifanya wakati ambao wengi hawakuupenda.

Yafaa kwanza tueleze mkuku huu ni wa namna gani, maana si kama ule wa majahazi ya pwani. Jahazi lina mkuku wa mti uliolazwa tangu omo hata tezi, wala hautoki mpaka chombo kivunjwe. Nalo husimama imara kwa shehena yake, au kwa farumi ya mawe likiwa tupu. Ngalawa husimama kwa mirengu yake. Mashua yetu ni ya jinsi nyingine. Iliundwa ng'ambo kwa faiba, urefu wake wazidi kidogo futi 21, na chini yake pana bamba nene la chuma cha kusubu, lenye uzito wa kilo 250 hivi, yaani karibu robo ya uzito wa mashua yote. Upande wa mbele chuma hicho kimetungwa kwa pini moja, kama mlango ulivyotungwa kwenye bawaba. Upande wa nyuma chavutwa kwa waya uendao kwenye winchi ndogo. Ukiizungusha winchi, mkuku wapanda na kulala chini ya tumbo la mashua. Ukiilegeza, washuka na kusimama majini mpaka kina cha futi 5.

Faida zake ni mbili. Ukishuka, waizuia mashua isisukumwe kando na upepo, hata iweze kubisha na kupata njia karibu na upepo utokako. Tena uzito wake wairudisha mashua inapolazwa ubavu na mawimbi. Ukipanda, mashua yahitaji maji ya futi 2 tu, hivyo yafika ufuoni penye kina kidogo, na kupandishwa juu ya tela, na kuvutwa na gari.

Fikira hii si ya jana. Mwaka 1774, huko Boston, afisa mmoja wa manowari za Kiingereza, jina lake John Schank, aliunda mashua yenye mkuku wa kuteremshwa na kuinuliwa. Merikebu ndogo iitwayo Lady Nelson, iliyoundwa mwaka 1798 na kufika Australia mwaka 1800, ilikuwa na mikuku mitatu ya namna hiyo, nayo ilitumiwa kupima pwani zenye maji machache. Kisha mwaka 1811 watu watatu wa New Jersey katika Marekani, Jacocks, Henry na Joshua Swain, walipewa hati ya serikali kwa ubao uliozunguka juu ya pini moja. Siku hizi mashua ya namna hii ijulikanayo sana ni Catalina 22, iliyoanza kuundwa California mwaka 1969, na zaidi ya 15,000 zimekwisha kuundwa. Yetu ni ya jinsi kama hiyo.

Lakini, ndugu msomaji, angalia: palipo na faida yote ndipo palipo na udhaifu. Kilo 250 za chuma zategemea pini moja, unene wake inchi 1, kama kidole gumba cha mtu mzima. Pini hiyo imo ndani ya uwazi mwembamba chini ya sakafu ya mashua. Mwenye kukaa ndani haioni, na mwenye kuogelea nje haioni.

Mwaka mmoja, mwanzo wa mwezi wa Desemba, tulianza kusikia mlio. Mashua ikitia nanga na mawimbi madogo yakipita, chini ya sakafu pakawa na sauti, ko, ko, kama mtu agongaye mlango kwa adabu. Mashua ilikwenda vema, wala haikuingiza maji. Tena ilikuwa majuma mawili tu kabla ya kufunga shule, nao watoto wa visiwani wakaao bwenini walikuwa wakingoja kuvushwa kwenda kwao kwa Krismasi. Wazazi wao walikwisha kupewa habari ya siku.

Kamati ilipokutana, mzee mmoja wa kanisa alisema, "Walimu, mashua inakwenda. Mwaifungua ya nini? Wavusheni watoto kwanza, kisha mwaka mpya mtengeneze mnachotaka." Maneno yake hayakuwa ya upuzi; alikuwa na mjukuu wake mmoja kati ya wale watoto. Nasi tulimheshimu, hata hatukuwa na jibu la upesi. Aliyejibu ni fundi wetu wa mashua. Alisema, "Mzee wangu, nyumba ikilia mlangoni si neno. Ikilia kwenye mhimili, watoe watoto." Basi ikakatwa shauri kwamba mashua isimame.

Sasa twaeleza kazi yenyewe, kwa maana huenda yupo msomaji ambaye siku moja itamfaa.

Jambo la kwanza ni kupunguza uzito. Tuliipandisha mashua juu ya tela, tukalivuta mpaka mahali tambarare penye ardhi ngumu, tukazuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Tukalaza mlingoti, tukatoa nanga, matanga, makasia, na kila kitu kilichokuwamo.

Jambo la pili ni kuchagua njia. Kwa kuwa watu husema "kutoa mkuku", fikira ya kwanza ni kuiinua mashua juu na kuuteremsha mkuku chini. Lakini chuma kizito namna hiyo kikiteremshwa, mikono ya watu imo chini yake. Fundi alituonyesha njia nyingine: mkuku usiende popote, bali mashua ndiyo iutoke. Tuliulaza mkuku juu ya magogo mawili yaliyofungwa kwenye tela, tukapigilia vibao huku na huku, kwa sababu mkuku ni mwembamba na husimama kwa ubavu wake kama kitabu kilichosimamishwa mezani, nao usiposhikwa huanguka. Tukalegeza winchi mpaka waya ukawa hauvuti kitu, tukajua ya kuwa uzito wote umekwisha kukaa juu ya magogo. Ndipo tukaufungua waya.

Kisha tukazijia bolti nne, ambazo hushikilia vile vyuma viwili vibebavyo pini. Tulizitia mafuta jioni, tukaziacha zilale usiku. Asubuhi tatu zilifunguka kwa nguvu za kawaida. Ya nne ilizunguka na kuzunguka, wala haikutoka. Meno yake yalikuwa yameliwa. Fundi aliivuta kwa vidole. Alitutazama, asiseme neno, akaiweka katika mfuko wa shati lake.

Baada ya hayo tuliiinua mashua. Tulitumia jeki mbili za lori, na boriti ndefu zilizopita chini ya tumbo la mashua, huku na huku zikilala juu ya mataruma ya zamani ya reli yaliyopangwa kama ghorofa. Sheria zetu zilikuwa tatu, nazo tuliziandika ubaoni ili wanafunzi wakubwa wazisome kabla ya kukaribia. Ya kwanza: jeki huinua, mti hushika, mtu asiitumaini jeki peke yake hata dakika moja. Ya pili: upande mmoja usizidi mwingine kwa inchi 2. Ya tatu: mkono usipite chini ya kitu kisicho na mti chini yake. Tukiinua mbele inchi 2, twatia mti. Tukiinua nyuma inchi 2, twatia mti. Tangu saa 2 asubuhi hata saa 10 jioni hatukuinua zaidi ya futi 2 na nusu. Vijana wengine walichoka kwa polepole kuliko ambavyo wangechoka kwa kazi. Lakini haraka haraka haina baraka, na siku ile hakuna aliyeumia hata ukucha. Boriti zilipopita juu ya mkuku, tulilivuta tela polepole, nalo likatoka likiwa limebeba mkuku peke yake, na mashua ikabaki juu ya miti yake.

Ndipo tulipoiona pini. Kwenye ncha zake, mahali iliposhikwa imara, ilikuwa bado na milimita 25 zake. Lakini katikati, mkuku ulipokuwa ukicheza juu yake, zilibaki 17, wala haikuwa ya mviringo tena, bali ilikuwa kama mfupa uliogugunwa na mbwa. Tundu la mkuku, lililopasa kuwa duara, lilikuwa na umbo la yai. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayali chuma upesi kama maji ya chumvi. Lakini kila mashua ilipogusa ufuo, mchanga uliingia katika bawaba ile na kuisaga, na kila wimbi lilipopita, mkuku uligonga, na kila ulipogonga, nafasi ya kugonga iliongezeka. Tena bolti moja katika nne ilikuwa imeshika kwa jina tu.

Matengenezo yenyewe hayakuwa magumu. Fundi wa kereza mjini alilitoboa tundu likawa kubwa na la duara, akatia bushi ya shaba ndani yake, akakereza pini mpya iingiayo bila kulegea. Tuliweka washa bapa huku na huku ili mkuku usiyumbe kando, tukanunua bolti nne mpya na waya mpya. Chuma chenyewe tulikisugua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, tukakipaka rangi siku ile ile. Maana chuma kilicho uchi kando ya ziwa hakingoji kesho kupata kutu. Kuurudisha mkuku ni kuifuata njia ile ile kwa kinyume: tela laingizwa, mashua yashushwa inchi 2 kwa inchi 2, na mtu mmoja atazama matundu ya bolti kwa kioo na tochi mpaka yalingane. Kisha tuliipeleka majini ikiwa imefungwa kamba, tukaushusha na kuupandisha mkuku mara nyingi, tukisikiliza. Sauti ya kugonga haikuwapo.

Lakini Krismasi ilikuwa imekwisha kupita. Watoto walivushwa kwa mtumbwi wa mashine wa kukodi, kwa safari mbili, nao walifika kwao siku nne baada ya siku iliyotajwa. Nauli tuliitoa sisi walimu pamoja na kamati. Kisiwani watu walinung'unika, na hatuwalaumu; mama aliyengoja ufuoni kutwa nzima, macho yake majini, hawezi kushiba maneno ya bolti na bushi.

Mashua ilipofika kisiwani mara ya kwanza katika mwaka mpya, baba mmoja alitujia ufuoni, akasema, "Walimu wetu, mlituchelewesha watoto." Hatukubishana naye. Tulimpa ile pini ya zamani mkononi. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba penye lile pengo la katikati, kisha akauliza, "Hii ndiyo iliyowavusha mwezi wa tisa?" Tukamwambia, "Ndiyo, baba." Alinyamaza kitambo, halafu akaomba aichukue kwa siku moja. Ilikaa kisiwani juma zima, ikipita nyumba kwa nyumba, na iliporudi ilikuwa imesuguliwa mpaka ikang'aa kwa mikono ya watu. Tangu hapo hatukusikia tena neno juu ya siku zile nne.

Basi, ndugu zetu, twatoa shauri letu. Mwenye mashua ya namna hii na aufungue mkuku wake kabla ya mvua za vuli, hata kama mashua inakwenda vema. Aitazame pini kwa macho, aipime kwa kipimo, wala asipime kwa kumbukumbu ya mwaka jana. Na asiye na mashua ajiulize ni kitu gani nyumbani mwake, au shuleni, au kanisani, kibebacho uzito mkubwa mahali pasipoonekana: mti wa paa uliofunikwa na dari, daftari la fedha ambalo mtu mmoja tu hulifungua, mama mpishi ambaye hakuna amwulizaye hali yake kwa sababu chakula huja kila siku. Kwenda vema si ushahidi. Mashua yetu ilikwenda vema mpaka siku tulipoisimamisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Nasi twaongeza neno moja dogo, ya kwamba ufa ulio ndani hauzibwi ila na yule aliyekubali kwanza kuifungua nyumba wakati wageni wako njiani.